Kupandisha ng'ombe siku moja kwa sindano ya prostaglandini

Asalaam aleikum. Ng'ombe sita, Wete, chotara na zebu (wa kienyeji wenye nundu). Mhimilishaji (anayetia mbegu kwa mrija) aje mara moja tu. Sindano moja yatosha?

— Waleikum salaam. Haitoshi. Prostaglandini huvunja gimba la manjano kwenye ovari, yaani kivimbe kinachobaki yai likishatoka; siku 5 za mwanzo baada ya joto (kutaka dume) gimba bado changa, dawa haishiki. Kwa sita utaambulia watatu, wanne. Piga mbili, siku 11 kati yake: kloprostenoli mikrogramu 500, yaani mililita 2 kwa chupa ya mikrogramu 250 kwa mililita, ndani ya msuli. Soma chupa, nguvu hutofautiana.

Kwanza wapimwe mimba! Mwenye mimba changa ataitupa. Na aliyezaa chini ya siku 45, au mbavu zinahesabika, muache; ovari iliyolala haina gimba la kuvunja.

— Naongeza. Baada ya sindano ya pili, mbegu saa 72 na tena saa 96. Ukitaka mbegu moja, basi ungoje joto, umpandishe saa 12 baadae. Zebu ana hila: joto lake fupi, tena usiku.

Mrija wa mbegu uyeyushwe maji ya nyuzi 37, sekunde 30 hadi 40. Kwa kidole usikisie, tia kipimajoto.

— Mwanamke mwenye mimba au mtu mwenye pumu asiishike dawa hiyo ya sindano kabisa. Hupenya ngozini.

— Ahsanteni masheikh. Saa 96 ni safari ya pili basi?

— Naam. Mlipe mbili.