Picha yangu ya maji ya chumvi na sukari imeeleweka vibaya, nifanyeje?

Zamu ya Usiku
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mimi ni muuguzi, na nina ukurasa wa elimu ya afya. Siandiki vya kusikia, nafuata miongozo ya Shirika la Afya Duniani. Juzi niliweka picha ya kumwandalia mtoto anayeharisha maji ya chumvi na sukari pale pakiti ya ORS (unga wa kuchanganya na maji ili kurudisha maji na chumvi mwilini) inapokosekana: "Sukari vijiko 6, chumvi nusu kijiko, maji lita 1." Chini ya picha nikafafanua kuwa ni vijiko vya chai, tena visijazwe mlima.

Picha ikaingia magrupu ya WhatsApp, maelezo yakabaki kwangu. Leo mama mmoja kaniandikia: "Dada, mbona mtoto anayatema?" Kumbe alipimia kijiko kikubwa cha mezani. Nikamwambia ayamwage na ampeleke mtoto kituo cha afya. Mtoto yuko salama, ila mimi sina amani. Nifute bandiko au ninyamaze?

Kalamu Nyekundu
Pole mdogo wangu. Usifute kimyakimya. Nakala zilizokwisha kusambaa hazifutiki, na mtu akija kuhakiki kwako atakuta patupu. Weka picha mpya iliyoandikwa MASAHIHISHO na tarehe, ndani ya picha yenyewe. Ile ya zamani usiirudie hata ukiipiga alama nyekundu ya X. Watu hukata X wakabaki na kosa. Halafu mwombe kila aliyeisambaza aipeleke mpya kwenye grupu lilelile.

Mfamasia Mstaafu
Nami niongezee, maana hapa kosa si dogo. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Sukari ikizidi huvuta maji kuyaingiza kwenye utumbo, kuharisha kukaongezeka. Kwa hiyo usijitetee kuwa "nilifafanua chini". Chora kijiko cha chai kwa ubavu, sukari iwe sawa na ukingo. Mstari wa kwanza useme pakiti ya ORS ndiyo chaguo la kwanza. Vidonge vya zinki, ambavyo mtoto anayeharisha hupewa kwa siku 10 hadi 14, vifanyie bandiko lake, usirundike.

Mbishi Kidogo
Ndiyo maana mimi siwaamini. Leo hivi, kesho "masahihisho".

Kalamu Nyekundu
Mbishi, anayesahihisha hadharani ndiye wa kumwamini. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa watoto 12 uliohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Jarida hilohilo liliubatilisha mwaka 2010. Miaka 12! Uvumi wake bado unazunguka. Huyu dada kachukua siku mbili.

Mama Mapacha
Mimi si mtu wa afya. Kabla hujairusha, mwonyeshe mtu kama mimi, akueleze atafanya nini hatua kwa hatua. Usimsaidie.

Zamu ya Usiku
Asanteni sana. Nimemwonyesha mdogo wangu picha mpya nikakaa kimya. Kijiko kakipata sawasawa. Kisha akauliza, "Maji ni haya ya bomba tu?" Sikuwa nimeandika popote kuwa yachemshwe na kupozwa kwanza. Narudi kuchora.