Mafundi cherehani wa Dodoma tumechoka kulaumiwa kwa shepu za kwenye simu!

Wakuu habari za muda huu. Mimi ni fundi wa nguo za kike hapa Dodoma na leo nimekuja na povu. Wenye roho nyepesi wapite.

Hivi nani aliwaambia wanawake wa mji huu kwamba kiuno kinatengenezwa na fundi? Mteja anakuja na lasi yake, anafungua simu, ananionyesha gauni la koseti limemkaa dada mmoja wa Lagos kama amemwagiwa. "Fundi, nataka hivi hivi, sendoff ni Jumamosi." Namzungushia futi: kifua 40, kiuno 38, hipsi 42. Mwili mzuri tu, mwili wa mama aliyezaa na anayekula akashiba. Naivuta ile picha ikuzwe. Fremu ya mlango nyuma ya yule dada imepinda, imeingia ndani palepale kwenye usawa wa kiuno chake! Programu ya simu imekata kiuno ikaondoka na mlango. Namwonyesha. Anacheka, halafu anasema, "Wewe shona tu, fundi."

Nashona. Naweka mifupa (vile vijiti vya kunyoosha koseti), naweka bitana nzito, naweka na sponji za hipsi maana ameomba mwenyewe. Siku ya kuchukua anajigeuza kwenye kioo, ananuna. "Umeniharibia." Wifi yake aliyemsindikiza anadakia: "Nilikwambia tumpelekee yule wa Area C." Jamani, nimeharibu nini? Mshono umenyooka, zipu haionekani, kifua kimekaa. Halafu hela iliyobaki hataki kumalizia.

Nilianza kazi hii mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati modo ndiye malkia. Miss Tanzania ilikuwa imerudi mwaka 1994 baada ya kufungiwa tangu 1968, na kila binti alitaka suruali ya kiuno cha chini. Mwenye hipsi aliitwa bonge, akaambiwa ana nyama uzembe. Walikuwa wakija kwangu kwa kunong'ona: fundi, nishonee sketi inayoficha huku nyuma. Leo mabinti wa wanawake haohao wananiomba niongeze sponji huku nyuma. Na mwembamba, ambaye zamani angepewa taji, sasa anaitwa mbao za Mafinga. Yaani ukikaribia kipimo, kinahamishwa.

Bibi yangu kule Bahi hakuwahi kuzungushiwa futi kiunoni na mtu. Alisifiwa masikio yake yaliyotogwa, shanga zake, na jinsi alivyobana ngoma ya muheme mapajani akaipiga hadi watu wakachoka kucheza yeye bado. Sisemi zamani kulikuwa pepo, msije mkanijia juu. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga marufuku sketi fupi, mawigi na mikorogo kwa ile Operesheni Vijana, na kabla hata haijaanza kulikuwa na wanawake waliokwisha kushambuliwa Kariakoo kwa sababu ya sketi. Kila zama ina mtu wa kushika futi, na mara nyingi si mwenye mwili.

Lakini kinachonipandisha hasira kuliko vyote ni hawa wanaoitwa wazungu tunaoiga picha zao. Mwaka 1810 walimchukua Sarah Baartman, mama wa Kikhoikhoi kutoka Afrika Kusini, wakampeleka London, watu wakalipa kiingilio kuangalia makalio yake na kucheka. Akafia Paris mwaka 1815. Hata kufa hawakumwacha: mifupa yake iliwekwa makumbusho hadi miaka ya 1970, na alirudishwa kuzikwa kwao mwaka 2002. Sasa sikilizeni. Miaka ya 1870 mabibi wa Ulaya haohao wakawa wanafunga fremu nyuma ya magauni ili makalio yatune. Vigodoro! Ilipofika 1966 wakamtawaza Twiggy, mwanamitindo wa Uingereza, binti mwembamba asiye na kifua wala hipsi, na vyote vikawa aibu tena. Leo wanalipa madaktari wawahamishie mafuta ya tumboni wayapeleke makalioni, na wapo waliokufa kwa sababu mafuta yaliingia kwenye mishipa mikubwa ya damu yakafika mapafuni. Kile walichomchekea yule mama wananunua kwa kisu, na sisi tuliozaliwa nacho au bila nacho tunapewa foleni nyuma yao.

Huku kwetu hakuna hela ya daktari, kwa hiyo yanakuja makopo. Dawa za kuongeza hipsi zinauzwa kwenye status za WhatsApp, kopo halina jina la kiwanda. Baadhi ya hizi dawa za kunenepesha huwa zimetiwa deksamethasoni, dawa ya hospitali inayojaza uso na kupandisha sukari. Mimi siyo daktari ila futi yangu inaona: mteja anarudi, uso umevimba, tumbo limeongezeka, mikono imebaki ilivyokuwa, na hipsi ziko palepale. Ananiambia nitanue gauni. Nikimuuliza anakula nini, ananijibu "maisha tu yamekaa vizuri". Haya.

Na nyie wanaume mnaokoment "mzigo" na "ubao" kwenye picha za wake za watu, vitambi vyenu nani amevipima? Mashati yenu nayashona kila siku, vifungo vya katikati ndivyo vinavyoanza kukatika.

Kuanzia sasa kwangu: picha ukileta, tunaivuta kwanza pamoja tuangalie milango. Sponji bei yake mbali. Gauni likishakamilika kwa vipimo vilivyoandikwa daftarini na kusainiwa, kulirudia ni hela mpya, hata uje na wifi watatu.

Mafundi wenzangu wa Majengo na Sabasaba, nyie koseti yenye sponji mnatoza shingapi? Na wateja wa aina hii advansi mnachukua nusu au yote?