Bibi yangu wa miaka 83 anaambiwa "huyu bado". Hizi huduma za wazee na za afya hapa Busia ni za nani?

Wakuu, salamu. Niko Busia, upande wa Uganda, kutoka kwetu hadi geti la mpaka ni mwendo wa kutembea tu. Tangu juzi sijalala vizuri na nimeona niseme, maana nikinyamaza nitapasuka. Uzi ni mrefu. Wavivu wa kusoma pita tu, sitakasirika zaidi ya nilivyokasirika.

Juzi nimempeleka bibi yangu gombolola, yaani ofisi ya serikali ya kata yetu, kwa habari ya pesa za wazee. Mara ya nne mwaka huu. Magoti yake hayakunjiki tena, kwa hiyo safari yetu iko hivi: dereva wa boda mbele, bibi katikati, mimi nyuma nimemzungushia mikono, na leso nimemfunga nayo kiunoni ikaja hadi kwangu, tukawa mzigo mmoja. Kila shimo analia "mama yangu". Shilingi 5,000 kwenda, 5,000 kurudi. Tumefika saa mbili na nusu asubuhi, tukaitwa saa saba. Kijana kwenye kompyuta akabonyeza namba ya kitambulisho, akamtazama bibi, akatazama kioo, akasema, "Huyu bado. Arudi akifikisha miaka."

Huyu bado! Mtu hana jino hata moja, jicho moja limeingia ukungu, wajukuu wa wajukuu wanamwamkia, na yeye bado.

Niwaeleze wasioijua habari hii. Uganda kuna mpango wa kuwapa wazee pesa, ulianza mwaka 2010, sisi tunauita SAGE au basi pesa za wazee. Ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Sukari imepanda, sabuni imepanda, yenyewe miaka yote imekaa palepale kama kuku anayeatamia. Wilaya za mwanzo zilichukua wazee kuanzia miaka 65, na Karamoja kuanzia 60. Sisi tuliofikiwa baadaye tukawekewa 80. Sijui nani alikaa akahesabu kwamba mzee wa Busia anachelewa kuchoka kuliko mzee wa Karamoja, lakini tuliache hilo, kwa sababu bibi yangu amevuka hata hiyo 80.

Tatizo ni kitambulisho. Mwaka 2014, wakati wa ule uandikishaji mkubwa, meza zilipangwa chini ya mwembe wa shule. Karani akamuuliza bibi amezaliwa lini. Bibi akamjibu anavyotujibu sisi siku zote: baba yake alichukuliwa vitani na Waingereza yeye akiwa tumboni, na aliporudi kutoka Burma yeye alikuwa tayari anakimbia, akamkimbia kweli akidhani ni mgeni. Mtu aliyefika hata darasa la sita angejua hivyo ni vita gani. Karani alimtazama usoni, akaona hana mvi nyingi, akaandika 1951. Nilikuwepo. Sikusema kitu, na hilo linaniuma mpaka leo, maana siku ile nilijua tu kwamba tunaharakisha foleni.

Sasa wale mnaojua namba zetu za NIN, yaani namba ya kitambulisho cha taifa, mnaelewa balaa lake. Kwa mwanamke raia inaanza na CF, halafu zinafuata tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa. Ya bibi inaanza CF51. Yaani kosa halikukaa kwenye karatasi ambayo ungeweza kuifuta, limeingia ndani ya jina lake la serikali. Popote anapokwenda, benki, hospitali, laini ya simu, CF51 inamtangulia kusema uongo.

Tuna ushahidi. Mjomba wangu mkubwa ana kadi ya ubatizo, karatasi ya kaki iliyokunjwa mpaka imekatika katikati, na mwaka unasomeka bila shida: 1961. Kwa hesabu ya serikali basi, bibi alimzaa mjomba akiwa na miaka 10. Niliipeleka juzi nikiwa nimeifunga kwenye nailoni kama dhahabu. Yule kijana aliisoma, akacheka, nami nikadhani ameelewa. Akanirudishia akasema, "Hii ni ya mtoto. Leta ya kwake."

Ya kwake! Bibi alizaliwa kwenye nyumba ya udongo akapokelewa na nyanya yake. Alibatizwa akiwa msichana mkubwa karibu na harusi, na kadi ililiwa na mchwa kabla mimi sijazaliwa. Wakasema basi tulete mtu mzima kuliko yeye anayemfahamu tangu utotoni aje aape. Nikamuuliza bibi njiani kama yupo. Akafikiri mpaka tukafika nyumbani, kisha akanitajia watu watano, mmoja mmoja, na kila mmoja akaniambia amezikwa wapi.

Gharama nimezihesabu jana usiku kwa daftari. Barua ya LC, mwenyekiti wa kijiji, 5,000, na risiti usiulize. Kiapo 30,000. Picha na fotokopi 8,000, kwa sababu kila dirisha linataka nakala zake na hakuna dirisha linaloongea na jirani yake. Boda mara nne, 40,000. Jumla 83,000. Hiyo ni zaidi ya miezi mitatu ya pesa ambayo hatujaiona, na CF51 bado ni CF51. Mwaka 2025 walipoanza kuhuisha vitambulisho tulishangilia kama wajinga, tukajua sasa mambo yataisha. Kuhuisha ni bure, ndiyo. Lakini kuhuisha ni kupigwa picha mpya. Kurekebisha mwaka ni safari nyingine, ofisi nyingine, fomu nyingine.

Na kinachonichoma zaidi ni hiki. Bibi ana mdogo wake wa tumbo moja aliyeolewa Wasamia wa ng'ambo, Kenya. Wakati wa msimu wa mihogo wanatembeleana. Huyo mdogo wake yuko kwenye Inua Jamii, pesa za wazee za Kenya, ambayo kwao ni kuanzia miaka 70, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Zigeuze hapo kwa vijana wa kubadilisha pesa, unapata kama 55,000 za kwetu, mara mbili na zaidi. Mdogo anapokea, mkubwa "bado". Wakenya najua mtaniambia zinachelewa, na najua kilio chenu cha SHA, ile bima yenu ya afya, msinijie juu. Nyinyi mnalia mmechelewa kulipwa. Sisi tunalia hatujazeeka.

Nimalizie na upande wa afya, kwa sababu ndio ulionijaza kabla hili la bibi halijamwagika.

Kila kijiji Uganda kinatakiwa kuwa na VHT, wale watu wa afya wa kujitolea, mpango ulioanza mwaka 2001. Kwenye makaratasi wao ndio kituo cha afya daraja la kwanza. Daraja la pili ni la muluka, yaani vijiji kadhaa pamoja, la tatu la gombolola, la nne lina daktari na chumba cha upasuaji. Sasa hilo la kwanza halina jengo. Jengo ni mtu. Kwetu sisi jengo ni mama mmoja jirani yangu, simtaji jina, mwenye sanduku la dawa, daftari kubwa na fulana ya kampeni ya chanjo iliyofifia hadi maandishi hayasomeki. Kazi yake ni kutibu watoto chini ya miaka 5: malaria, nimonia, kuhara. Anaweza. Nimemwona akimlaza mtoto mapajani, anamfunua kifua, anatazama kile kisaa chake na kuhesabu pumzi kwa kunong'ona, na humsemeshi mpaka amalize. Akimaliza anakuambia hii ni mafua au hii ni kifua, na sijaona akikosea.

Halipwi. Akienda mafunzo anapewa nauli na soda, basi. Betri za tochi ananunua mwenyewe. Wiki iliyopita alikuja kwangu kuniomba kalamu, ya kwake imeisha wino na ripoti ya mwezi inatakiwa. Ng'ambo hapo, tangu mwaka 2023 wenzake wamepewa mikoba yenye vifaa, simu na posho ya kila mwezi. Na kwa kuwa soko letu ni moja, wanakutana kwenye samaki na wanaambiana. Aliniambia, "Mwanangu, mimi naona aibu kuwaambia kwamba mwaka wa kumi na nane huu najitolea."

Mwezi uliopita saa nane usiku mtoto wa jirani alishikwa na degedege. Tulimwamsha huyo mama. Akaja na viatu vya mvua na kanga, akafungua sanduku: pakiti mbili za ORS, dawa ya kuhara, na kisu cha kukatia vidonge. Dawa ya malaria iliisha wiki tatu nyuma, alisharipoti, akaambiwa asubiri. Fomu za rufaa nazo zimeisha, akaandika rufaa kwenye ukurasa wa daftari la mtoto wake wa shule, upande wa nyuma kuna hesabu za kugawanya. Tukakimbia na boda hadi kituo cha daraja la tatu. Nesi mmoja, peke yake, wodi ya wazazi ikimwita upande huu na sisi tukimwita upande ule. Yeye simlaumu, nasema wazi. Sindano ya dawa ilikuwepo. Glavu, kanula na mpira wa maji hamna, mkanunue duka la mbele. Duka la mbele saa nane usiku mlango unagongwa kwa jiwe na bei ni ya saa nane usiku. Nilitoa 25,000. Mnaona namba hiyo inavyonifuata?

Huduma katika vituo vya serikali ni bure tangu mwaka 2001. Bango lipo pale ukutani, limechorwa vizuri, nimelisoma lote nikisubiri duka lifunguliwe.

Asubuhi wakataka mtoto aende daraja la nne. Ambulensi ipo imeegeshwa. Mafuta, mchangie. Mtoto alipona, msihangaike, juzi nimemwona anakimbiza kuku.

Kuna na mengine nitayapitia haraka maana nimechoka. Afisa wa ustawi wa jamii wilayani tulimtafuta kwa kesi ya mtoto anayepigwa na baba wa kambo, tukaombwa mafuta ya pikipiki. Nikapiga 116, ile laini ya watoto, ni bure kweli na wakapokea, wakaandika kila kitu kwa upole. Wakasema watamjulisha afisa wa wilaya. Yule yule wa mafuta. Banange!

NYONGEZA (saa tatu usiku): Naona maswali.

Aliyeniuliza kwa nini sisemi mazuri: chanjo ya malaria ilipoingia nchini Aprili 2025 watoto wa kijijini kwetu waliipata, na aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaambia akina mama ni yule yule mama asiye na kalamu. Nimesema zuri hilo.

Aliyesema dawa za serikali zinauzwa madukani, kwamba nami niliuziwa kanula ya wizi: sikuona alama ya serikali, na nisichokiona sikisemi. Fungua uzi wako.

Aliyenishauri nimpeleke bibi ng'ambo akaandikishwe Kenya kama "wengi wanavyofanya": najua wanaofanya. Bibi mwenyewe nilimtania hivyo, akanijibu kwamba Burma baba yake alienda kwa jina lake, na yeye atazikwa kwa lake.

Na mkuu uliyesema nitoe "kitu kidogo" kwa yule kijana. Nimefikiria, nisidanganye. Juzi nilikuwa na 10,000 mfukoni na ilikuwa ya boda ya kurudi.

Ninachoomba kwenye uzi huu si pole, pole ninazo za kutosha. Kama kuna mtu hapa Busia, Tororo, Namayingo au popote Uganda aliyefaulu kubadilishiwa mzee wake mwaka wa kuzaliwa kwenye NIN, aniambie alianzia ofisi gani, alipeleka karatasi gani, na kama kadi ya ubatizo ya mtoto ilikubaliwa. Watu wa benki wanaolipa hizo pesa za wazee wanasemekana kurudi na gari lao mwisho wa mwezi. Bibi ameshaniambia niifue ile leso.