Mfadhili anataka kuwatoa watoto 24 wakale na kununuliwa nguo: tujipange vipi?

Mlezi_wa_Zamu

Wakuu, habari zenu. Kituo chetu cha kulelea watoto kimepata mfadhili anayetaka kuwatoa watoto 24 kwa siku moja: chakula cha mchana mgahawani, kisha kila mmoja anunuliwe viatu na nguo. Kumi wana miaka 6 hadi 8, waliobaki 9 hadi 12. Yeye anapendekeza tule saa 6, tuingie madukani saa 7 na nusu, saa 10 tuwe tumerudi. Walezi tuko 3, dereva akiwemo. Pesa ametenga sawa kwa kila mtoto na anataka wachague wenyewe. Nikosoeni kabla sijamjibu. Watu wazima hao wanatosha? Na viatu tutafanyaje, maana watoto hawajui namba zao?

Hesabu_Vichwa

Hawatoshi. Shirika la kulinda watoto la Uingereza, NSPCC, hushauri mtu mzima 1 kwa watoto 6 wa miaka 4 hadi 8, na 1 kwa watoto 8 wa miaka 9 hadi 12, na wasipungue wawili hata kama watoto ni wachache. Kwa hesabu yako ni 2 kwa wadogo na 2 kwa wakubwa. Ongeza wa tano asiye na kundi, wa kupeleka watoto chooni, kumfuata aliyebaki nyuma au kukaa na anayetapika. Dereva usimhesabu, kazi yake ni gari. Mfadhili naye usimhesabu, na asiachwe peke yake na mtoto, awe mwema kiasi gani.

Kila kundi liwe na mlezi wake siku nzima. Vichwa vihesabiwe mlangoni kila mnapoingia na kutoka, kwa kumgusa mtoto begani. Ukihesabu kwa macho tu, mmoja akihama upande unamhesabu mara mbili. Mkononi wavae utepe wenye namba ya simu ya mlezi, bila jina la mtoto. Mtu asiyemjua akimwita kwa jina, mtoto atadhani anafahamika.

Ngazi za umeme ziogope. Mtoto asiyezizoea husita pale zinapoanza, walio nyuma wanamrundikia. Pembeni, kwenye mwanya kati ya kidato na ukuta, ndipo kandambili laini na kamba za viatu hunaswa. Kama kuna ngazi za kawaida, pandeni hizo.

Ratiba igeuzeni: viatu, nguo, ndipo chakula. Mtoto aliyeshiba saa 7 anasinzia saa 8, na vidole vyenye mafuta vinachafua nguo ambazo bado ni za dukani. Ila wasiondoke na njaa: wanywe chai nzito asubuhi, na katikati ya manunuzi wapate kitu kidogo na maji.

Oda ya chakula ipelekwe mgahawani siku 2 kabla, aina 2 tu za kuchagua, na orodha ya nani kachagua nini. Mtoto asiyewahi kushika menyu akipewa kurasa nane ataganda, au ataagiza alichoagiza jirani yake. Waulizeni walezi mapema nani ana mzio (karanga, maziwa, mayai, samaki) na nani hali nini kwa dini yake. Sahani ziwe za kitoto, atakaye aongezewe. Soda ije baada ya chakula, la sivyo tumbo litajaa gesi na sahani itarudi ilivyokuja. Mabaki ya kubeba yasikae nje zaidi ya saa 2. Na garini wekeni mifuko ya kutapikia, angalau 6.

Fundi_Saizi

Nakuja kwenye viatu, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Pimeni kituoni, jioni, si zaidi ya wiki 2 kabla. Jioni kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Mtoto avae soksi, asimame juu ya karatasi, kisigino kiguse ukuta, uzito uwe kwenye miguu yote miwili. Tia alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote; si lazima kiwe kidole gumba. Pima na mguu wa pili, chukua mrefu.

Ongeza sentimita 1.2 ya nafasi na kukua, kisha zidisha kwa 1.5. Unapata namba ya Ulaya. Mguu wa sentimita 20: 21.2 mara 1.5 ni 31.8, yaani namba 32. Mguu wa 17.5 unakupa 28. Nafasi ya kukua imo tayari humo, kwa hiyo msiongeze tena namba mbili "ili kidumu". Kisigino kitapwaya, mtoto atajikwaa, na malengelenge yatafanya kiatu kitupwe chini ya kitanda.

Viwanda havilingani, basi namba pekee isiaminiwe. Kata ukanda wa karatasi wenye urefu wa mguu pamoja na ile 1.2, andika namba ya mtoto ya kwenye orodha yenu (siyo ya kiatu), nendeni nao dukani. Uingize ndani ya kiatu: ukikunjika badala ya kulala bapa, kiatu ni kifupi, lebo iseme itakavyo. Kubonyeza ncha kwa kidole kunadanganya, kwa kuwa watoto wengi hukunja vidole wakibonyezwa. Kisha atembee hatua kumi na viatu vyote viwili.

Nguo nunueni kwa kimo, si kwa umri. Aliyekula kwa shida utotoni mara nyingi ni mfupi kuliko lebo ya umri wake. Tafuteni lebo za sentimita, 116, 122, 128, 134. Ya 128 ni ya mtoto wa 123 hadi 128. Chupi na soksi zinunuliwe na walezi kabla ya siku, maduka mengi hayazirudishi.

Muda: kiatu ni dakika 5 kwa mtoto. Watatu wakijaribishwa kwa pamoja, watoto 24 ni dakika 40. Mfadhili ajue hilo.

Mama_Stoo

Fedha sawa kwa kila mtoto naipinga. Kiatu namba 37 mara nyingi ni ghali kuliko namba 28, kwa hiyo wa miaka 12 atarudi na vitu viwili na wa miaka 6 atarudi na mfuko umejaa. Usiku huohuo bwenini kuna ugomvi. Usawa uwe kwenye orodha ya vitu: pea 1 ya viatu, suruali au sketi 2, mashati 2, sweta 1. Kisha kila mmoja apewe kiasi kidogo kilicho sawa, anunue anachotaka bila kuulizwa kwa nini. Humo ndimo awe huru kabisa. Kwenye nguo, mlezi atoe tatu zinazomtosha, yeye achague moja.

Sehemu 1 ya 10 ya bajeti ibaki kwa ajili ya kubadilisha vitu. Lipeni kwa kundi, risiti 4, siyo 24. Foleni ya dakika 3 kwa kila mtoto ni zaidi ya saa nzima. Risiti zipigwe picha palepale, wino wake hufutika. Lebo zisikatwe hadi nguo zijaribiwe tena kituoni, halafu ziandikwe namba ya mtoto kwa ndani kwa kalamu isiyofutika.

Mlezi_wa_Zamu

Asanteni sana. Limebaki moja: anataka picha za kuweka mtandaoni.

Hesabu_Vichwa

Kibali cha maandishi kutoka kwa mlezi wa kisheria, na mtoto mwenyewe aulizwe faragha. Akikataa, imekwisha, na asikose zawadi. Wakikubali, msimpige picha mtoto akila wala akipokea mfuko. Pigeni picha viatu vipya vimepangwa, au watoto kwa mgongo wakitembea. Lisiandikwe jina la mtoto wala la kituo, simu izimwe huduma ya mahali, na picha zitoke baada ya kurudi, si mkiwa bado njiani. Mwambieni haya kabla hajalipa, maana siku yenyewe mkononi ana simu na hakuna atakayethubutu kumzuia.