Tupeane uzoefu: nani aliwahi kuchomeka simu kwenye kompyuta ya mkononi?

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Juzi nilifungua sanduku la vitu vyangu vya Marekani nikaikuta Handspring Visor yangu, ile kompyuta ndogo ya kiganjani, VisorPhone, yaani kadi yake ya simu, ikiwa bado imo mgongoni. Nilikaa nayo sakafuni karibu saa nzima. Tuliotumia vitu hivi kabla simu na kompyuta hazijawa kitu kimoja, tusimuliane.

Naanza. Mwaka 2001 nilikuwa nasoma mchana, usiku nafanya kazi. Visor ilikuwa na tundu kwa nyuma, linaitwa Springboard. Unatoa kifuniko cha plastiki, unatelezesha kadi, programu yake inafunguka yenyewe. VisorPhone ilikuwa dola 299 kwa mwenye kusaini mkataba, nilijibana miezi. Ndani yake mna laini ya GSM, betri yake ya kuchaji na spika ya sikioni. Maiki je? Ipo chini kwenye Visor yenyewe, kitobo ambacho kabla ya hapo sikujua ni cha nini! Kiliwekwa mapema kwa ajili ya kadi zitakazokuja. Hadi leo nawavulia kofia waliofikiria hilo.

Kupiga nyumbani tulitumia zile kadi za kukwangua. Zamani nilishika karatasi, nikikosea tarakimu moja naanza upya. Kwa Visor nagusa jina kwa kalamu, inapiga, kisha namba ya siri ya kadi naibonyeza kwenye skrini, tarakimu moja moja, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya kituo cha basi. Mama alikuwa akingoja simu dukani kwa jirani, Tanga. Siku ya kwanza aliniuliza, "Leo umepata upesi, uko wapi?" Nikamwambia niko njiani, mama, natembea.

Mdau wa Dubai
Kaka, umenigusa. Mimi nilikuwa karani wa mizigo Deira, natumia Compaq iPAQ, nayo kompyuta ya kiganjani. Yenyewe haikuwa na tundu la kadi kubwa, ilibidi uivalishe jaketi la nyuma lenye betri yake, ndipo uchomeke kadi ya simu yenye laini ndani. Likawa tofali, mfuko wa shati hauliwezi.

Lakini kazi ilienda. Nasimama kando ya jahazi, naandika idadi ya maboksi, natuma barua pepe Mombasa kabla nahodha hajang'oa nanga. Kasi ilikuwa biti 9,600 kwa sekunde. Maandishi yanapita vizuri. Picha ya kilobaiti 40 ilikula zaidi ya nusu dakika, nawe unalipia kila dakika uliyounganishwa. Nilijifunza kuandika barua zote kwanza, ndipo niunganishe, nitume, nikate.

Mdau wa Kariakoo
Mkuu mleta mada, betri ya simu ikiisha na Visor inazima?

Mleta mada
Hapana ndugu yangu. Visor ilikula betri mbili ndogo za AAA, simu ina yake. Simu ikiisha, kalenda na majina unaendelea kuyasoma. Cha kuogopa ni zile AAA, kwa sababu kumbukumbu yote iliishi kwa umeme wake. Nilizembea wiki ya mitihani, zikafa, nikawasha nikakuta hakuna kitu. Bahati nilikuwa nimenakili kila kitu kwenye kompyuta ya mezani juzi yake. Nikaiweka kwenye kitako chake cha kuiunganisha na kompyuta hiyo, nikabonyeza kitufe chake, majina yakarudi.

Mdau wa Dubai
Uliitumia mpaka lini?

Mleta mada
Mpaka 2003. Treo, za Handspring hiyohiyo, zilishatoka mwaka uliotangulia, simu ikiwa ndani tayari, na Springboard ikaachwa. Mwaka 2003 huohuo Handspring ikaungana na kampuni ya Palm. Yangu bado inawaka. Nimeweka AAA mpya jana, ila kumbukumbu ilishafutika, namba ya duka la jirani haimo tena. Sehemu ya simu ndiyo imekufa betri. Kama kuna fundi Dar anayeweza kuifungua bila kuivunja, naombeni mniunganishe naye.