Lipu ya saruji katika nyumba ya mawe, Mkomani: tuiondoe au tuiache?

Mjukuu wa Mkomani:
Assalamu alaykum. Familia yetu imerithi nyumba ya mawe mtaani Mkomani, Lamu, yenye daka (ukumbi wa mlangoni), kiwanda (ua wa ndani ulio wazi juu), misana miwili (vyumba virefu vyembamba), na ndani (chumba cha faragha) ambamo zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zingali zima. Kuta za chini zilipigwa lipu ya saruji zamani, na sasa inabanduka, chumvi imejitokeza, na unyevu umepanda hadi karibu na boriti. Baadhi ya jamaa wanataka tuongeze saruji, tena tutoboe madirisha makubwa upande wa njia. Wenye ujuzi, mwatushauri nini?

Fundi wa Chokaa:
Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Saruji msiongeze kabisa. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo hunywa unyevu wa ardhini na kuutoa hewani. Zikibandikwa saruji, maji hukosa pa kutokea, yakazidi kupanda na chumvi yake, mpaka ncha za boriti zilizo ndani ya ukuta zikaoza. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa dari yote imelala juu ya boriti hizo za mkoko, ambazo urefu wake ndio uliovifanya vyumba vyetu kuwa vyembamba. Ibandueni lipu kwa tindo, polepole, na zidaka msiziguse. Uacheni ukuta ukauke, hata kwa miezi, kisha mpige chokaa kwa matabaka membamba, kila moja likishika ndipo lifuate jingine, mkiyanyunyizia maji na kuyakinga na jua kali.

Binti wa Langoni:
Naafikiana na fundi. Kuhusu madirisha, nawasihi muwazuie jamaa zenu. Nyumba kongwe za Mkomani, nyingi zikiwa za karne ya 18, zimeupa mtaa mgongo makusudi: mwanga na hewa huingia kupitia kiwandani, na mgeni huishia dakani, ili watu wa ndani wapate sitara. Nyumba za ufukweni zenye varanda na matao ni za mtindo wa karne ya 19, wenye athari za Kihindi, nazo ni nzuri mahali pake. Isitoshe, mji wa kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, hivyo kabla ya kugusa ukuta wa nje pelekeni michoro kwa maafisa wa uhifadhi wa Makavazi ya Kitaifa hapo mjini.

Mjukuu wa Mkomani:
Shukrani, fundi, nawe dada. Nitawasomea jamaa majibu haya. Je, boriti ambayo ncha yake imeoza kidogo hubadilishwa nzima?

Fundi wa Chokaa:
Ikiwa sehemu iliyo ukutani bado ina nguvu, iacheni. Ikiwa imelegea, egemezeni dari kwa miti kwanza, kisha mbadilishe moja moja.