Maji ya tangi yamekuwa kijani: taa ya UV, giza au dawa?

Pezi Jekundu
Habari zenu wakuu. Tangi langu la samaki limegeuka kijani, hii ni wiki ya tatu. Lilianza kama ukungu, sasa samaki wakienda upande wa nyuma siwaoni kabisa. Nimebadilisha maji mara nne, na kila nikibadilisha baada ya siku mbili yanarudi vilevile. Hela niliyonayo inatosha kitu kimoja, na nataka niamue kabla ya Jumamosi: taa ya UV (ya mionzi inayoua mwani), dawa ya kuua mwani, au nilifunike tu likae gizani kama nilivyoshauriwa? Aliyetumia zaidi ya njia moja anisaidie kulinganisha.

Fundi Chujio
Mkuu, tangi ni la lita ngapi? Samaki gani na wangapi? Taa inawaka kwa muda gani? Liko karibu na dirisha? Amonia na naitreti, yaani uchafu unaotokana na kinyesi cha samaki, umepima? Bila hayo tunapiga ramli.

Bibi Konokono
Na kijani chenyewe kiko wapi, kwenye vioo au ndani ya maji? Chota maji kwenye glasi, iweke juu ya karatasi nyeupe, iache hadi kesho. Rangi ikiwa bado imetawanyika glasi nzima, huo ni mwani unaoelea, wa seli mojamoja. Maji yakiwa meupe kama yametiwa maziwa kidogo, hao ni bakteria, na mara nyingi hutulia wenyewe.

Mwanga Safi
Nunua UV, usihangaike. Maji yanapita kwenye bomba lenye taa ndani ya kioo chembamba, mwani unaopita hapo unaharibiwa hauzaliani tena. Kwangu siku ya kwanza sikuona tofauti yoyote. Siku ya tatu nikaliona bomba la chujio, siku ya tano nikawa nahesabu magamba. Muhimu maji yapite polepole, na usiiangalie taa ikiwaka, inaumiza macho.

Subira
UV ni nzuri lakini giza halina gharama. Zima taa, funga blanketi zito pande zote, siku nne bila kuchungulia. Usilishe, samaki wazima hawafi njaa kwa siku nne. Ila pampu ya hewa isizimwe hata dakika moja, maana mwani ukifa unaoza na kuoza kunakula oksijeni. Ukifunua, badilisha nusu ya maji siku hiyohiyo. Nimefanya mara mbili, zote zimekubali.

Mwanga Safi
Mara mbili kwa sababu mwani ulirudi tena, mkuu.

Subira
Ulirudi baada ya miezi saba, na nilikuwa nimeacha taa ikiwaka nikiwa safarini. UV nayo si ya milele. Inaonekana inawaka kumbe nguvu imekwisha, ndiyo maana balbu hubadilishwa karibu kila mwaka. Na kile kioo kikishika utando mionzi haipiti vizuri.

Mama Gapi
Naomba niseme kuhusu dawa, kwa sababu naona hakuna aliyeigusa. Nilikuwa na tangi la lita 60, samaki wadogo aina ya gapi kama ishirini, konokono, na kamba wadogo niliowalea mwenyewe tangu wakiwa kama uzi. Maji yakawa kijani, muuzaji akanipa chupa, akasema tia kifuniko kimoja. Nilitia jioni. Sikusoma maandishi madogo nyuma ya chupa. Alfajiri nilipowasha taa, gapi wote walikuwa juu wamebana midomo kwenye uso wa maji, wanahema. Maji yalikuwa yamegeuka kijivu na yananuka. Nikachota maji kwa ndoo, nikatia mapya yaliyotolewa klorini, nikawasha pampu mbili. Gapi tisa walikufa kabla ya adhuhuri. Konokono walijifungia, na walipofunguka walikuwa wameshakufa. Kamba hakubaki hata mmoja. Baadaye ndipo nikasoma kwamba ile dawa ina shaba, na shaba ni sumu kwa kamba na konokono hata ikiwa kidogo. Samaki waliuawa na kukosa hewa, kwa kuwa mwani wote ulikufa usiku mmoja. Pezi Jekundu, ukichagua dawa, soma chupa neno kwa neno, na pampu ya hewa iwe inafanya kazi kabla hujatia hata tone.

Bibi Konokono
Pole sana dada. Kamba uliowalea tangu wakiwa wadogo, inauma.

Pezi Jekundu
Poleni kwa kuchelewa. Tangi ni lita 80, samaki wa dhahabu watano. Liko mkabala na dirisha, jua la asubuhi linalipiga. Taa nawasha saa kumi na mbili asubuhi, nazima saa nne usiku. Sijawahi kupima chochote. Chujio ni la sifongo na naliosha vizuri bombani kila wiki. Nimefanya jaribio la glasi, kijani kimetawanyika.

Fundi Chujio
Jibu limo humo mkuu. Taa saa 16 na jua juu yake! Iwake kwa muda wa saa nane tu kwa siku, hata sita. Na hilo sifongo unaloosha bombani, klorini inaua bakteria wanaoshughulikia amonia. Amonia inabaki, mwani unaila. Sifongo likamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi. Kubadilisha maji peke yake hakutoshi: ukitoa nusu umeacha nusu ya mwani, na unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja tu.

Mwanga Safi
Mimi naosha sifongo bombani miaka yote na samaki wangu hawajambo.

Fundi Chujio
Una mimea mingi na changarawe, bakteria wengine wanakaa humo. Mwenzetu ana sifongo moja na samaki wa dhahabu watano kwenye lita 80. Hao wanachafua sana na wanakua wakubwa. Hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya taa yoyote.

Pezi Jekundu
Nikiongeza konokono hawatakula huo mwani?

Bibi Konokono
Hapana. Konokono wanakwangua ulioshika kioo na mawe, unaoelea hawauwezi. Wanaoula ni dafnia, wale wadudu wanaorukaruka kama viroboto, lakini samaki wako watawamaliza siku hiyohiyo labda uwaweke kwenye wavu wao.

Subira
Usiyamwage yote basi. Maji ya kijani hayana sumu kwa samaki. Mimi najaza ndoo, naiweka juani, nafugia dafnia humo, na vifaranga wa samaki wananenepa.

Pezi Jekundu
Kwa hiyo nihamishe tangi kwanza? Sina mahali pengine pa kuliweka. Tunaweza kulibeba watu wawili likiwa na maji?

Fundi Chujio
Usithubutu! Maji peke yake ni kilo 80, kioo kitapasuka kwenye maungio. Toa maji yote, samaki kwenye ndoo, sifongo libaki na unyevu. Au ziba dirisha kwa pazia zito, liache lilipo.

Mama Gapi
Subira, hiyo ndoo ya dafnia unaifunika? Yangu inajaa viluwiluwi vya mbu.